Kiitikio cha "Nywele Zangu"

Hafidh hakuwa na gitaa lake mwenyewe. Hakuwa na nywele ndefu, na mpiga roki ya kishindo na mapambo bila nywele ni kama bwana harusi bila kanzu. Hakuwa na ukumbi wa mazoezi wala meneja, na baba yake kule Unguja hakuwa radhi. Sauti alikuwa nayo. Kasida za utotoni zilimpa pumzi ndefu.

Gitaa aliazima. Nywele alipewa na Bi Swalha, muuza mawigi wa mtaa wa Huanshi Zhonglu, huku kwenye nchi ya Wachina. "Chukua hili la dhahabu, mwanangu. Kariakoo wamelikataa, huenda likakupenda wewe."

Walifanya mazoezi kwenye stoo yake, kati ya marobota ya mawigi yaliyongoja kontena la bandari ya Nansha: Hafidh, Medard wa Bukoba kwenye ngoma, na Judica, mwanafunzi wa chuo kikuu, kwenye besi. Walipaka wanja na rangi ya midomo, wakavaa suruali za kubana zinazometa, wakapiga roki ya kishindo.

"Mnafanana na majini walioalikwa harusini," alisema Bi Swalha.

"Na tutakula pilau mpaka liishe, shangazi," Medard akajibu.

Wimbo wao wa kwanza, "Nywele Zangu", waliurekodi mbele ya watu, kwenye mgahawa mmoja wa mtaa wa Xiaobei. Walipofika kwenye kiitikio, Bi Swalha akainuka kwenda kutunza, kama afanyavyo kwenye taarabu: polepole, kwa madaha, noti juu. Kina mama wenzake wakamfuata kwa vigelegele. Kwa mila yetu, wimbo haumalizwi mwenye kutunza akiwa bado njiani. Ni kumvunjia heshima. Basi Medard akakizungusha kiitikio, akakizungusha tena, hadi mwanamke wa mwisho alipochomeka noti yake kwenye wigi la dhahabu. Wachina waliokuwa wakila wakadakia, wakaimba maneno wasiyoyajua.

Haukupita muda, kiitikio kile kikawa kinasikika kwenye simu za mji mzima. Kampuni moja ya muziki ikaleta mkataba wa karatasi, urudishwe ukiwa na sahihi. Ingewapeleka kwenye kumbi kubwa kwa sharti moja: kiitikio kikatwe, kibaki mara mbili tu, na vigelegele vya kina mama vifutwe.

Judica aliusoma mara mbili. "Tukikataa, tunabaki humu stoo. Hafidh, bahati hii hairudi."

"Najua."

"Unajua, na bado unacheka?"

"Nawacheka wao. Wamempenda mtoto, sasa wanataka kumkata miguu aenee kwenye kabati lao."

"Msinifanye mimi kisingizio," Bi Swalha akadakia. "Nikikatwa, nitakaa. Viti ninavyo."

"Si kwa ajili yako, shangazi. Wimbo wenyewe ndio ule. Ukiondoa mwendo wenu, zinabaki kelele za vijana watatu."

"Wawili," Medard alisema. "Mimi sipigi kelele, napiga ngoma."

Judica akasonya, kisha akavuta kalamu. "Sema, nitaandika kwa Kichina. Wasije wakadhani hatukusoma."

Hafidh akasema, Judica akaandika: "Tunashukuru. Wimbo wetu hauuzwi kwa vipande. Kiitikio huisha mwanamke wa mwisho anapofika mbele. Mwenye haraka atafute wanamuziki wengine."

Wakatia sahihi zao watatu chini ya barua. Mkataba wakauacha mtupu. Hafidh alivitia vyote kwenye bahasha, akapaka gundi, akaikandamiza kwa kiganja juu ya robota. Tarishi alikuwa mlangoni na pikipiki yake ya umeme. Akaipokea, akaitupa kwenye sanduku la nyuma, akaondoka.