Harufu ya Karani

Mama Mkubwa alimkataza binti wa marehemu mdogo wake mambo mawili mbele ya wateja: kuwanusa, na kucheka. Kuhusu kuzunguka, alishakata tamaa. Binti alizunguka meza ya pasi, akazunguka mapipa ya kusuuzia, akatoka uani kukagua kamba, akarudi, akasimama mlangoni kama mtu anayesubiri basi ambalo lilishapita, halafu akaanza upya.

"Kaa, Bibie," Mama Mkubwa alimwambia. "Hiyo sakafu haiendi popote, huna haja ya kuilinda."

Bibie ni jina alilopewa aliporudi. La kuzaliwa lilikuwepo, ila kila akiitwa nalo alishtuka na kutafuta mlango wa kutokea, kwa hiyo wakaliacha lipumzike kwanza.

Duka lao la udobi lilikuwa chumba kimoja mbele na ua mdogo nyuma. Kila mteja alikuwa na uzi wa rangi yake, na Mama Mkubwa aliushona ndani ya ukosi au kwenye pindo ili nguo zisichanganyike. Bibie hakuhitaji uzi. Ukimpa rundo la mashati meupe ya watu tofauti, aliyapanga amefumba macho. Huyu anavuta sigara na mkewe hajui. Huyu anavuta na mkewe anajua, kwa sababu wanavuta wote. Mara ya kwanza Mama Mkubwa alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwambia habari za aina hiyo azimeze na asizirudishe.

Sasa, hili la pua lina asili yake. Katika ukoo wao, upande wa mama, wanawake hugeuka. Si wote, wala si ovyo. Hugeuka wakizidiwa na jambo, na wakigeuka wanakuwa fisi. Mama Mkubwa mwenyewe aligeuka mara moja tu maishani, wiki ya mitihani ya diploma ya hoteli. Akarudi kabla ya matokeo, na alipoyaona akasema heri angebaki hukohuko. Wengi hukaa siku chache tu, wakarudi na njaa na aibu. Bibie aliondoka siku walipomzika mama yake, na miaka mitatu ikapita.

Alirudi mwaka huu. Mama Mkubwa alitoka uani asubuhi akamkuta fisi anatafuna mche wa sabuni. Hakupiga kelele. Alivuta shuka kwenye kamba, akamwambia hiyo sabuni ni ya kazi, kama ni njaa basi chakula kipo ndani. Fisi akamtazama. Halafu akaanza kulia, na ile sauti ikawa ya mtu.

Tangu siku hiyo ilikuwa ni kujifunza upya. Kijiko. Viatu. Kulala juu ya kitanda badala ya chini yake. Kula kuku bila kumalizia mifupa. "Acha hata ushahidi kidogo," Mama Mkubwa alimwomba. Maneno nayo yalirudi moja moja, na baadhi yalirudi yamechoka, lakini yalirudi.

Kilichokataa kutulia ni kitu kingine. Kule nje, Bibie alimuuma mtu.

Ilikuwa nyuma ya kiwanda kimoja cha mikate, alikokwenda kutafuta masalia. Mlinzi alikuwa amelala kwenye kiti, mguu ameunyoosha, na njaa ikamdanganya Bibie kwamba ule mguu hauna mwenyewe. Aliuma mara moja. Alisikia mfupa. Kabla hajavuta, mbwa alimrukia, akamchana bega, na Bibie akakimbia hadi mji ukaisha. Damu ya yule mtu aliijua ladha yake, na harufu yake aliijua. Asilojua ni kama mtu mwenyewe alipona. Alimweleza Mama Mkubwa yote haya, naye akamjibu kwamba aliyeuma ni fisi, na fisi ameshaondoka. Bibie aliona hajaondoka mbali vya kutosha.

Ndiyo maana alizunguka.

Kisha akaja mlinzi mpya wa ghala la magodoro, pale ng'ambo ya barabara. Aliingia dukani asubuhi anachechemea, koti zito limening'inia mkononi, na hata salamu hazijaisha akaanza utani na Mama Mkubwa. Alimwambia kumpa yeye kazi ya kulinda magodoro ni sawa na kumwajiri mlevi alinde baa. Mama Mkubwa akamuuliza kama ndiyo sababu wamempa zamu ya mchana. Akasema hapana, ni huu mguu, hautaki tena baridi ya usiku. Koti lilikuwa nyuma ya mlango zaidi ya mwaka, na mkewe ametoa amri: alivae au alitupe.

"Lifueni, dada," alisema. "Linuke kama la binadamu."

Bibie alikuwa nyuma ya rafu, na habari ilimfikia kabla ya maneno. Kwanza yule mtu mwenyewe, yuleyule. Halafu mbwa dume, mzee, mwenye sikio bovu, aliyelala juu ya lile koti siku nyingi. Na chini kabisa, kwenye bitana, damu iliyokauka. Ya mlinzi. Na tone moja lake mwenyewe.

Akacheka. Si kicheko cha furaha. Kilimtoka tu, kile kirefu cha kupanda. Mlinzi aligeuka. Mama Mkubwa akamweleza haraka kwamba mtoto amepaliwa.

Mama Mkubwa alipokwenda kupeleka shuka za nyumba ya wageni, alimwacha Bibie na agizo la kupasi tu. Aliporudi alikuta povu limejaa hadi mfereji wa nje. Koti lilikuwa kwenye kamba, linachuruzika, na mikono ya Bibie ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko. Alikuwa amelifua mara nne. Hakuwa amewaza chochote. Alitaka ile harufu iishe, na iliisha: damu ilitoka, mtu alitoka, mbwa alitoka. Koti lilinuka sabuni na jua.

"Ni yeye," Bibie alisema.

Mama Mkubwa hakuuliza yeye nani. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha karibu. Bibie alisema atamwambia. Mama Mkubwa akamuuliza atamwambia nini hasa: shikamoo, mimi ndiye yule fisi? Kesho mtaa mzima utakuwa hapa na marungu, na watakaokosa marungu watakuja kuchukua nguo zao, maana nani ataacha shuka zake zifuliwe na fisi? Halafu sauti ikashuka. Akasema amempata juzi tu, na hana nguvu za kumpoteza tena. Mtu ni mzima, anatembea, anataniana na watu. Imetosha.

Bibie alikubali. Alizunguka siku mbili nzima akijikumbusha kwamba amekubali. Alipanga mashati, akayapangua. Kila alipofika mlangoni alimwona mlinzi ng'ambo, amekaa kwenye kiti chake, mguu ameunyoosha.

Siku ya tatu mlinzi alivuka barabara kufuata koti lake. Mama Mkubwa alilitoa limekunjwa vizuri, uzi wa kijani umeshonwa ndani ya ukosi. Mlinzi alilikunjua. Kisha akafanya jambo ambalo Bibie alikatazwa kulifanya mbele ya watu. Aliingiza uso kwenye ukosi, akavuta pumzi ndefu. Akageuza bitana, akavuta tena.

Hakuwa anakagua usafi. Bibie alijua kutafuta kukoje.

"Limetakata," mlinzi alisema, na hakuonekana kufurahi. Mama Mkubwa aliuliza kama kuna doa limebaki. Akasema hapana, halikubaki hata moja, ndiyo shida yenyewe. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa maongezi na barabara ilikuwa kimya, akawaeleza.

Alikuwa na mbwa. Alimwita Karani, kwa sababu kila aliyefika getini alimtazama juu hadi chini kama anayehakiki jina lake. Walilinda pamoja miaka mingi. Asubuhi moja aliamshwa na maumivu, mguu umepasuka, na aliyesimama mbele yake ni Karani, mdomo wote damu. Hapakuwa na mwingine. Mkewe aliapa kwamba Karani hawezi, naye akamwonyesha mguu. Alipopata nafuu alimpeleka mwenyewe kwa daktari wa mifugo achomwe ile sindano ya mwisho. Hakumfunga hata kamba. Karani alitangulia, kwa kuwa njia ya kwa daktari ni ileile ya kwenda nyumbani.

"Nilidhani nina hasira naye," mlinzi alisema. "Nimeleta koti lifuliwe, sasa namtafuta humo ndani. Mtu mzima huyu."

Akacheka kidogo, akaanza kulikunja.

Ndipo Bibie alipohisi nywele za kisogoni zinasimama, na ngozi ya mgongo inavutwa kama nguo inayokamuliwa. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Ukuta wa nyuma ulikuwa mfupi. Mama Mkubwa alimtazama juu ya meza na kutikisa kichwa, kidogo sana. Hadi hapo Bibie alijua amemkosea mtu mmoja. Kumbe ni wawili, na mmoja amezikwa na jina baya. Akinyamaza, Karani anabaki mkosaji. Akisema, huyu baba anajua kwamba alimuua rafiki asiye na kosa. Hapakuwa na upande usiouma.

"Hakuwa yeye," alisema.

"Nani, mwanangu?"

"Karani. Hakukuuma. Aliyekuuma ni mimi."

Mama Mkubwa alidakia akasema kwamba mtoto ana homa tangu jana, asimsikilize. Mlinzi alitabasamu kwa huruma, lile tabasamu watu wanalowapa wagonjwa. Bibie akaendelea, maneno yakigongana. Kiti kilikuwa na mguu mmoja uliofungwa waya. Chini yake redio ndogo ilikuwa inaongea peke yake. Jino liliingia mara moja tu, chini ya goti, na halikurudia, kwa sababu Karani alikuwa ameshafika.

"Ile damu mdomoni haikuwa yako, baba. Ilikuwa yangu."

Alivuta ukosi wa gauni lake. Kwenye bega palikuwa na kovu la meno, nusu duara, na katikati ya nusu duara palikuwa na pengo ambapo jino moja halikugusa. Mlinzi alisogea. Alinyoosha kidole hadi karibu na lile pengo, akakiacha hewani.

"Chonge ya kushoto," alisema polepole. "Ilivunjika akiwa mdogo. Alitafuna komeo."

Kisha akaona kucha za Bibie, zilivyokuwa nyeusi na nene, zimekwaruza ubao wa meza. Alirudi nyuma, akakanyagia mguu mbaya, akajishika kwenye rafu. Mama Mkubwa alishaingia katikati, pasi ya moto mkononi, na haikujulikana amemnyooshea nani.

"Kaka, nakuomba," alisema. "Ni mtoto."

Bibie alizitazama kucha zake mpaka zikaanza kupungua, moja baada ya nyingine, na kila moja iliuma.

"Alibweka?" mlinzi aliuliza.

"Hapana. Alikuja moja kwa moja."

"Hakuniamsha."

"Hakuwa na muda."

Mlinzi aliinamisha kichwa mara kadhaa, kama anayepokea maelekezo ya njia. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba Karani alianza na lililo muhimu. Akasema, na mimi nikampeleka kwenye sindano. Bibie alitafuta neno la kumpa. Miaka ya porini haikumfundisha, na masomo ya Mama Mkubwa yalikuwa hayajafika hapo.

Mama Mkubwa aliuliza kama atawaitia watu. Mlinzi alimwuliza awaite aseme nini, kwamba alilala kazini? Kisha akamgeukia Bibie.

"Unauma bado?"

"Sijui," Bibie alisema. "Sasa hivi nilitaka kukimbia tu."

Aliona jibu lile halikumridhisha, lakini pia hakulitilia shaka. Alivaa koti, jua lote lile, akalifunga vifungo hadi juu. Alisema mkewe hajamtaja Karani tangu siku ile, wala hajamwita yeye kwa jina lake la utani. Kila siku yeye amekuwa akimwambia mkewe kwamba yule mbwa alikuwa mkorofi. Leo akirudi peke yake na hadithi ya fisi, atadhaniwa ameanza kunywa.

"Kwa hiyo utakuja umwambie wewe," alisema. "Kwa mdomo wako."

"Lini?"

"Sasa. Nikikuachia mpaka kesho, utakuwa umeruka huo ukuta."

Alikuwa ameuona mlango wa nyuma, na alikuwa ameona Bibie anavyoutazama. Mama Mkubwa alivua aproni akasema anakwenda pia. Mlinzi akasema hakuna haja. Mama Mkubwa akamwambia hakuuliza.

Wakatoka kwa mlango wa mbele. Mlinzi alimpigia mluzi mpakiaji wa ghalani amshikie lindo, akashika njia. Alikwenda polepole kwa sababu ya mguu, na Bibie, ambaye mwendo wake wote ulikuwa wa kutangulia na kurudi, alilazimika kupunguza hatua na kuukubali mwendo aliousababisha. Kila uchochoro waliopita ulimwita. Kila ukuta aliupima. Mama Mkubwa alimshika kiwiko, si kwa nguvu.

Ili miguu isigeuke, Bibie alianza kufanyia mazoezi atakachosema. Alikisema kwa sauti ya chini, akakisema tena.

"Karani alimuuma mtu mmoja tu, na ni mimi. Karani alimuuma mtu mmoja tu..."

"Anza na shikamoo," mlinzi alisema bila kugeuka. "Ni mtu mzima yule."