Jina Lililozikwa Lubondja

Fanny alikuwa na uhakika kwamba ugonjwa ule haumhusu, kwa sababu yeye haitwi Rosette.

Kwao Lubondja jambo hilo halikuwa na ubishi. Shangazi Rosette alikufa kwa kansa ya ovari. Dada yao mkubwa akazaliwa, akapewa jina la marehemu kama ilivyo desturi, naye kansa ileile ikamchukua angali kijana. Hapo mzee Wilfried, baba yao, akapiga marufuku: jina hilo lisipewe mtoto tena. Ukoo ukapumua, na Fanny akapumua kuliko wote.

Damu alikubali kupimwa kwa kumheshimu daktari tu. Leo, hapa hospitalini mjini Baraka, baba yake akiwa kando yake, Daktari Renilde anamwambia hana kansa, lakini afadhali ovari na mirija yake ya uzazi vitolewe.

"Banitoshe kitu kizima, chenye hakina ugonjwa?" Fanny akauliza.

"Kila muntu anazaliwaka na frein mbili, ni kusema breki, Mama Tania, moja ya mama, moja ya papa. Zinazuiaka kansa isiote. Yako ya papa ilikuya imekatika. Ya mama nayo ikikatika, kansa inaanza."

Fanny akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, kumbe hakuelewa lolote. Jina limeingilia wapi hapo? Na mwanaume mzima mwenye ndevu anampaje mtu ugonjwa wa ovari? Halafu akamkumbuka binti yake Tania, aliyempa jina lisilo la marehemu yeyote, na tangu siku ya kumpa jina hilo alikuwa akilala usingizi mnono.

"Na Tania?"

"Anaweza kuwa nayo, anaweza kukosa. Akikomala tutamupima."

Hofu ikamshika Fanny, na hakujua amlaumu nani. Mzee Wilfried akakohoa.

"Mi niko mwanaume, daktari. Ovaire naitosha wapi?"

"Unaibebaka tu, papa, unaipitisha kwa batoto. Haiko kosa yako."

Mzee akajigonga kifuani.

"Kama iko ndani yangu, basi bapasuwe mi."

Fanny alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Daktari akaeleza taratibu kwamba kumpasua mzee hakutamsaidia binti. Mzee alisikiliza hadi mwisho, na ilionekana wazi kwamba naye ameachwa njiani na maelezo hayo. Akaushika mkono wa Fanny.

"Basi we ukubali, mama," akasema. "Dada yangu nilimuzika. Dada yako Rosette nilimuzika. We njo utanizika mi, haiko mi nikuzike we."