Nani Kasema, Wapi, Ukurasa wa Ngapi

Wanafunzi walimwita Mzee Chanzo, na hawakumsingizia. Miaka yote aliyofundisha chuoni, ukimpelekea insha yenye nukuu isiyo na jina la mwandishi, mwaka na ukurasa, anakurudishia imetapakaa wino mwekundu utadhani kuku kachinjiwa juu yake. Na usidhani nyumbani kulikuwa na nafuu! Mtoto akisema, "Baba, jirani anahama," yeye huyo: "Nani kasema? Lini? Umemsikia mwenyewe au umeletewa?" Jamani, hata umbeya katika nyumba ile ulitakiwa uwe na marejeo.

Kitindamimba wake ndiye aliyefuata nyayo. Sasa alikuwa anamalizia tasnifu, na sura ya mwisho yote aliijenga juu ya sentensi moja ya baba yake, aliyoisikia tangu utotoni: "Anayeficha alikolipata neno amemzika mwenziwe angali hai." Msimamizi aliipenda, ila akaandika pembeni: chanzo? Binti alipekua makala zote za baba, asiione. Msimamizi akasema hata neno la mdomo atalikubali, mradi msemaji mwenyewe athibitishe. Na msemaji kumbukumbu zilikuwa zinamtoka siku hadi siku.

"Wahi," mama alimwambia mlangoni. "Leo kaamka vizuri, kanitania mpaka nimecheka."

Alimkuta sebuleni, miwani puani, gazeti kalishika juu chini. Akakaa karibu naye, akafungua kompyuta magotini, akamsomea sentensi yake polepole.

Mzee akafumba macho. "Rudia."

Akarudia.

"Aisee! Haya ndiyo maneno. Nani kasema?"

"Wewe, baba."

"Mimi?" Alicheka, kisha akakunja uso. "Binti, usimbandike mtu maneno kwa kuwa ni mzee na yuko karibu. Wapi? Ukurasa wa ngapi?"

"Ulikuwa unatuambia hapa hapa, mezani, mimi na kaka zangu. Jaribu kukumbuka, baba. Nakuomba."

"Sikumbuki. Na nisichokijua sikithibitishi. Kisicho na chanzo kinafanywaje?"

Jibu alilijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. "Kinafutwa."

"Basi futa, nione."

Akaifuta herufi moja moja, machozi yakimdondokea vidoleni. Hakulilia tasnifu; tasnifu ingepata maneno mengine. Alikuwa anamlilia baba, naye kakaa pale pale, bega kwa bega, anamsimamia kama alivyomsimamia akiandika kazi za shule. Nafasi ilipobaki tupu, mzee akaitikia kwa kichwa.

"Safi. Wengi wangeng'ang'ania. Nani kakufundisha kazi hii?"

"Baba yangu."

"Kakulea vizuri. Ukimwona, mpe salamu zangu."

"Zimeshafika, baba."

Mzee akamtazama juu ya miwani, kwa upole wa mtu anayemhurumia mgeni. "Nani kasema?"