Hewa Ina Ofisi Yake

Mama Spinachi alipangusa jani moja moja kwa kitambaa kibichi, mgongo na tumbo, na maji ya ndoo yakageuka rangi kama yaliyooshewa sufuria. Ilikuwa ndoo ya nne, na jua lilikuwa bado halijavuka paa la jiko la hospitali.

Ng'ambo ya uzio malori saba ya jokofu yalinguruma. Yalileta kabichi na karoti kutoka mwendo wa siku mbili, na injini zake hazikuzimwa mchana wala usiku, kwa maana zikizimwa baridi hukatika na mzigo huoza. Moshi uliambaa juu ya matuta ya mama, kisha ukaingia wodi ya kifua. Humo alilazwa mumewe, fundi seremala, siku ya kumi na mbili sasa.

Kishamba kile kilikuwa mali ya hospitali. Mapatano yalikuwa mafupi: maadamu jiko linapokea mboga zake, alime; siku mboga zitakapokataliwa, atoke.

Bwana Afya akaingia na mlinzi. Alikuwa rika la kitinda mimba wake, lakini shikamoo ilimtoka mama kwanza.

"Marahaba," kijana akaipokea bila haya. Akachomoa leso nyeupe, akaipitisha kwenye shina la jani. Ikatoka na mstari mweusi.

"Nini hii, mama?"

"Masizi, baba."

"Ya jiko lako?"

"Ya malori. Hayajanyamaza tangu juzi."

"Malori nimeyakagua. Kabichi zimevishwa nailoni, safi kama bibi harusi. Zako zimekaa uchi."

"Mboga ikiwa shambani huvishwa nini, baba?"

Dereva wa lori la kwanza, aliyeegemea mlango wake, akaangua kicheko. Bwana Afya hakucheka. Akaanza kuandika.

"Mboga zina sumu ya moshi. Hazifai kwa wagonjwa wa kifua."

"Mgonjwa mmojawapo ni mume wangu. Moshi huohuo anauvuta dirishani. Huo huukagui?"

"Mimi nakagua chakula. Hewa ina ofisi yake."

"Iko wapi, niende?"

"Haijafunguliwa."

Akagonga mhuri. Wino haujakauka, mlinzi alikwisha kuukata uzio kwa koleo, kwani ua wa mbele ulikuwa umejaa, na njia fupi ya kufikia mlango wa stoo ilipita katikati ya matuta.

"Msinikanyagie basi," mama akasema. "Nipeni hadi jioni nizing'oe mboga."

"Wagonjwa wana uji mtupu tangu jana, malori hayajapata njia ya kufika stoo," akasema Bwana Afya. " Mzee wako pia ana njaa. Unataka asubiri jioni?"

Mama akaisogeza ndoo kando.

Dereva akapanda, akachungulia nje. Hakuwa mtu mbaya. "Mama yangu, nyuma sioni kwa moshi huu, na ukuta wa wodi umekaribia mno. Niongoze, tafadhali, nisije nikawaangushia wagonjwa ukuta."

Mama alitazama ukuta. Kitanda cha mumewe kilikuwa upande wa pili, kichwa kikielekea huku. Akainua mikono yote miwili.

"Njoo," akaita. "Njoo. Kata kulia. Njoo."

Tairi likazama katika tuta la kwanza, likatoka, likazama katika la pili. Aliita hadi tuta la mwisho.

"Hapo! Simama!"

Lori likasimama, bomba lake la moshi limeelekea dirisha la wodi, ambalo lilikuwa na wavu mtupu.

"Nizime?" dereva akauliza.

"Usizime," akasema Bwana Afya. "Kabichi zitaharibika."

Ndani mtu akakohoa. Mama alikijua kikohozi kile, jinsi kilivyoanza chini na kukwama katikati. Akavua mtandio, akaukunjua juu ya wavu, akaushikilia kwa mikono na kipaji cha uso, moshi ukimpiga mgongoni.

Bwana Afya alikuwa akifunga kalamu yake. Akamwona.

"Mlinzi! Mwondoe huyo mama pale. Anawazibia wagonjwa hewa."

Mlinzi akamshika kiwiko, akavuta. Mtandio hakuuachia.