Birika la Chumba cha Nne

Kila Alhamisi wakati wa magharibi, Salme alijaza birika maji na kuliweka mlangoni pa chumba cha nne, mdomo ukiuelekea mlango. Alfajiri alilikuta limejaa vilevile, na mdomo umegeuzwa mashariki. Wageni wa nyumba yao ya kulala wageni, pale Riruta, waliizoea habari hiyo. Wenye mzaha walimuuliza kama Abdalla ameamka salama.

Abdalla alikuwa marehemu wa nyumba. Bibi yake Salme, Mabruka, alisimulia kwamba mwaka wa hamsini na nne, siku za misako ya polisi wa mkoloni, mtu alibisha hodi akiwa na homa kali, hana kipande cha kujitambulisha, akakata roho kabla ya kutaja jina. Babu Idarus, mtu wa Lamu, aliwaogopa polisi. Alimwosha mwenyewe, akamvika sanda, akamzika nyuma ya jiko kwa jina la Abdalla. Tangu hapo akawa anamwekea maji ya kutawadha. Babu alipofariki, kazi ikamwangukia Salme.

"Kibla ni kaskazini," Salme aliwahi kumwambia bibi. "Mbona yeye anaelekea kule?"

Bibi aliendelea kuchambua mchele.

Alhamisi moja ya mwaka wa sabini na moja alifika mama wa Machakos, kule mashariki, jina lake Ndunge. Vyumba vingine vilijaa, akapewa cha nne. Alfajiri Salme alikuta mdomo wa birika haujageuka. Ulikuwa ukiutazama mlango ambao Ndunge alilala nyuma yake.

Akinywa chai, Ndunge alimweleza kwamba kwa miaka kumi na saba amekuwa akiuliza nyumba hadi nyumba. Mumewe, Nthiwa, aliukimbia msako mjini akapitia huku. Kidole chake kidogo cha kushoto hakikuwa na ukucha.

"Nikijua tu alipolala, mwanangu, nami nitalala."

Kidole hicho bibi alikitaja kila aliposimulia kuoshwa kwa Abdalla. Salme alimfuata bibi jikoni, akamwambia. Mabruka alimshika mkono, akamsihi anyamaze. Watu wangesema waliiba maiti, na nyumba ingefungwa.

"Babu yako alimsitiri."

Salme, ambaye hata wageni aliwajibu akitazama sakafu, alimtazama bibi yake usoni. "Alimsitiri, bibi. Lakini anangojwa."

Akampeleka Ndunge nyuma ya jiko, akamweleza yote. Ndunge hakulia. Alipiga magoti, akaita, "Nthiwa," akaongea naye Kikamba kwa muda mrefu. Aliposikia habari za birika, alicheka kidogo.

"Huyu? Maji baridi aliyachukia."

Aliondoka na udongo konzi moja, ameufunga kwenye ncha ya leso.

Alhamisi iliyofuata Salme aliweka birika kama kawaida. Alfajiri lilikuwa tupu, na sakafu kavu.

Bibi alilichukua, akalitikisa karibu na sikio, kisha akaenda kuliweka jikoni pamoja na mengine, lisirudi tena mlangoni.