Kitabu cha Bibi Mboni

Watoto wa darasa la awali hawasomi vitabu, wanavila. Ndivyo alivyosema Mwalimu Salome katika kikao cha wazazi pale Pande, na hakuna aliyembishia, maana kila mmoja nyumbani kwake ana kitu kilichotafunwa. Akaomba kila mlezi atengeneze kitabu cha picha juu ya jambo la nyumbani. Boksi la sabuni likatwe kurasa, kila ukurasa ufunikwe kwa selotepu pana, kisha zishonwe pamoja kwa nailoni ya nyavu. Kitabu kisichoweza kukaliwa, akasema, kibaki huko huko.

Bibi Mboni alikuwa na jambo la nyumbani, tena lilimkaa kooni. Mwanawe Haruna alikuwa amemwacha mkewe, mke akarudi kwao Mchinga, na binti yao Moza akabaki kwa bibi. Tangu hapo kila alasiri mtoto aliketi kando ya barabara kusubiri gari la kutoka Lindi linalopitia Mchinga, na kila alasiri bibi alikwenda kumrudisha akilia. Ameambiwa kwa upole, ameambiwa kwa ukali, hasikii. Haruna alisema atazoea. Si Haruna aliyembembeleza usiku.

Bibi akaona labda mtoto ataamini picha. Ya kwanza, mama anakuna nazi. Ya pili, mama anafunga mzigo. Ya tatu, mama yuko mlangoni mwa gari, anaondoka. Ya mwisho, Moza na bibi wamekaa barazani peke yao. Kuchora hakujaliwa; gari lilifanana na kabati. Lakini kushona alijua, kwa kuwa mikeka ya nusu ya kijiji imepita mikononi mwake. Alitoboa matundu kwa msumari, akapitisha nailoni kwa shazia, sindano yake kubwa ya mikeka, akarudia, akakaza fundo kwa meno.

Shule yake pekee ilikuwa chuo cha Kurani. Akakishona kitabu kama juzuu, isomwayo kutoka kulia, mshono upande wa kulia. Hakupanga, mkono ulijiendea.

Mwalimu Salome alikikalia kitabu mbele ya darasa zima, kikatoka salama, akakisifu sana. Ya nyumbani kwa Mboni hakuyajua, yeye ni mtu wa bara. Akampa Moza awasomee wenzake. Moza akakishika kama alivyofundishwa shuleni, mshono mkono wa kushoto, akaanza.

"Hapa mimi na bibi tunasubiri. Hapa mama anashuka garini. Hapa anafungua mzigo. Hapa anakuna nazi."

Wenzake wakataka arudie. Akarudia mpaka kengele ikalia.

Alasiri ile Bibi Mboni alimkuta barabarani kama kawaida, ila amevaa gauni la Idi, na kitabu kiko mapajani.

"Nani kakuvisha hilo gauni?"

"Nimevaa mwenyewe, bibi. Mama anakuja. Kitabu kimesema."

"Kitabu gani kimesema hivyo?"

Moza akamsomea. Bibi alitazama kurasa zikifunguka upande asioutarajia, na mkwewe akishuka kutoka kwenye kabati lile lenye magurudumu. Akaelewa alichofanya. Gari la Lindi likaja, likashusha magunia na mwanamume mmoja mwenye kuku, likaenda zake.

Nyumbani alichukua kisu afumue, ageuze kurasa, ashone upya. Fundo likagoma. Alikuwa amelikaza vizuri mno, na alijichukia kwa hilo. Alipoanza kulikata kwa nguvu, Moza akashika kitabu upande wa pili kwa mikono yote miwili.

"Bibi, usimpandishe tena garini!"

Bibi Mboni akaweka kisu chini. Siku ile ya talaka hakulia, kwani mama mtu hulinda heshima ya mwanawe. Sasa alilia. Mkwe yule alimpenda, alimkunia nazi tangu aolewe, na yeye bibi hakumsindikiza hata barabarani. Picha ya gari aliichora kwa kubuni tu.

Moza alimtazama, akasubiri amalize.

"Vua hilo gauni usilichafue," bibi akasema, akijifuta kwa ncha ya kanga. "Utalivaa kesho. Kesho sisi ndio tutakaopanda gari."