Blanketi Lililopimwa kwa Timazi

Hapana, hakulazimishwa na mtu. Nani kakwambia? Pimamaji yake mwenyewe ndiyo iliyomtia kwenye ufumaji.

Si unamjua yule fundi mwashi wa nyumba ya kona, mwenye viganja kama koleo? Basi siku hiyo aliiacha pimamaji, ile rula ya kupimia usawa wa ukuta, chini pale pale kwenye mlango wa jikoni. Mkewe akatokea na beseni la nguo, hakuiona, akaikanyaga. Beseni huko, nguo kule, mama wa watu chini. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka juu ya kiwiko.

Mkono ungepona, mikono hupona. Shida ilikuwa blanketi alilokuwa akilifuma. Binti yao alikuwa kajifungua, anakaa hapo kwao, na wazazi wa mumewe walikuwa waje baada ya wiki tatu kumwona mjukuu. Sasa yule mama mkwe wa binti, mwanamke wa maneno huyo, aliwahi kusema siku hizi watu hununua tu dukani. Mke wa fundi akamjibu mbele ya kadamnasi, "Mzazi mwenzangu, la mjukuu wetu litatoka mkononi, si dukani." Na hapo lilikuwa limefika nusu.

"Utalimaliza wewe," akamwambia mumewe.

"Mimi?"

"Pimamaji iliachwa na nani, jirani?"

Fundi akaguna. Miaka thelathini alikuwa akiicheka kazi ile, akiiita kazi ya kuchosha kiti. Ndiyo maana tukaambiwa usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Akakubali, ila kwa sharti moja: asijue mtu. Hasa yule baba mkwe wa binti, seremala, waliyekuwa wakikutana naye kila penye jengo. Seremala yule hutia komeo milango ya watu wote, mdomo wake mwenyewe hauna.

"Sisemi," mke akasema. "Hata wanikate ulimi."

Wakaanza. Mfumo wenyewe mke aliuita punje, kwa vile blanketi linakuwa na vijipunje juu kama mtama umemwagwa. Vitanzi ni vya aina mbili tu, kimoja laini, kimoja kina punje. Unapishanisha. Rahisi, eh? Fundi akafuma siku mbili, ikatoka mistari imesimama wima kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

"Umeweka punje juu ya punje," mke akasema. "Ukiona punje weka laini, ukiona laini weka punje."

"Kwa nini?"

Mke akafikiri. Kuishi na mwashi nako ni shule. "We tofali unalipangaje? Kiungo juu ya kiungo?"

"Thubutu! Ukuta si utapasuka!"

"Haya."

Fundi akalitazama blanketi kama mtu aliyemkuta ndugu yake ugenini. "Sasa mama, si ungesema tangu juzi?"

Akafumua, akaanza upya, punje zikakaa. Mimi nakwambia alifuma huku akipiga mluzi, mlango kafunga kwa ufunguo. Lakini Jumapili mke akalitandaza, akalitazama, akahesabu vitanzi. Akahesabu tena.

"Vilikuwa sitini na kimoja. Mbona sasa sabini? Linazaa hili?"

Kweli, lilikuwa linapanuka kama sketi. Kumbe kila akigeuza kuanza mstari, fundi alikuwa anauvuta uzi kwa juu ya sindano, kwa nguvu za kuvutia kamba ya ujenzi. Kitanzi cha kwanza kinapanda, kinaonekana viwili, naye anavifuma vyote viwili, tena anajisifu.

"Fumua. Ukianza mstari, uzi ukae mbele, chini ya sindano. Cha kwanza usikifume, kivushe tu kwenye sindano ya pili. Cha mwisho kifume laini. Ukingo utanyooka wenyewe."

"Ah, ni jiwe la pembe! Unaliweka kwanza, halafu ndiyo unajenga."

"Ndiyo, baba, jiwe la pembe. Fumua."

Tangu hapo kila jioni alikuwa akigonga misumari miwili juu ya mlango, analaza sindano juu yake, blanketi linaning'inia, kisha anashusha timazi pembeni, ule uzi wenye chuma mwishoni. Kitanzi kikitoka nje hata unene wa unywele, anafumua. Mke alicheka mpaka plasta ikamuwasha.

Siku ya wageni ikafika, bado mistari mitatu, na wageni wakaja saa nzima kabla ya muda. Binti ndiyo kwanza anaweka wali mezani. Mama mkwe hata hakukaa. Akaliona blanketi kwenye kiti, akapitisha kidole ukingoni kutoka chini. Nusu ya chini, ya mke, iliyumba kidogo kama njia ya mbuzi. Nusu ya juu ilinyooka kama rula. Kidole kikasimama.

"Mzazi mwenzangu, na mkono huo wa plasta? Hapa juu ni mashine. Umenunua ukaunganisha, sema tu, hatukuli."

Mke wa fundi akaangalia plasta yake. Neno moja tu lingemwokoa, na hakulisema. Alikuwa ameahidi.

Fundi akamtazama mkewe, akamtazama seremala, ambaye meno yalishaanza kutoka.

"Si mashine. Ni mimi."

Seremala akapasuka kicheko. "Wewe! Na vidole hivyo vya kubebea zege!"

"Hebu tuone," mke wa seremala akadakia.

Fundi akaketi, akachomoa timazi mfukoni, akamkabidhi seremala. "Shika hapo, usitikisike." Akavusha cha kwanza, akaanza. Punje, laini, punje, laini. Wengine wote wamesimama, wali unatoa mvuke, mtoto anapiga miayo.

"Baba, chakula kinapoa," binti akasema.

"Mstari hauachwi katikati," mama yake akajibu, kichwa juu sasa. "Subirini."

Wakasubiri vitanzi sitini na kimoja, kisha fundi akainua sindano juu, blanketi likaning'inia kando ya timazi. Seremala aliinama mpaka pua ikagusa uzi. Timazi ilitulia, ukingo umeifuata sawasawa. Akanong'ona, "Hicho cha kwanza unakifanyaje? Mimi mbao zangu hazinyooki hivi."

"Nitakuonyesha. Utafunga mdomo?"

"Nitafunga."

"Hajawahi," akasema mkewe, naye akamgeukia mke wa fundi. "Nisamehe, shoga. Ila nusu yako ya chini, kwa kweli, mumeo kakupita."

"Kanipita," mke akasema, "na kesho anafumua yangu."

"Fumua!" wakaitikia wote, wakavuta viti, na hatimaye wakakaa kula.